Mama Ngiri na Wasaidizi Wake

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya walioshiba. Mimi nataka ya wenye njaa, maana hadithi yenyewe ni ya njaa. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na mwenye kusinzia akasinzie kwake. Hadithi hii wako wengine wanaoisimulia, sikatai, lakini wanaisimulia kama mtu anayekula ndizi na maganda yake. Mimi ndiye ninayeijua mpaka harufu. Shule niliishia darasa la nne, na siku niliyoondoka mwalimu alitoa machozi. Ya huzuni au ya furaha, hakuniambia.

Zamani hizo za kale, zile ambazo wanyama walikuwa bado wanapika, alikuwapo Ngiri na mkewe. Walikuwa na watoto wanne. Wa mwisho aliitwa Kijino, kwa sababu jino lake lilikuwa limechomoza upande mmoja tu, na kila mgeni lazima alione.

"Umeliona jino langu?"

"Nimeliona."

"Umeliona vizuri?"

"Nimeliona vizuri, baba, niache nile."

Maana familia hiyo ilikuwa na hoteli. Wewe unayecheka huko nyuma, unacheka nini? Hoteli! Paa la nyasi, mafiga matatu, chungu kikubwa cha kumtosha mtoto wa kiboko kuogea, na magogo ya kukalia. Ilikuwa kando ya njia ya kwendea mtoni. Baba Ngiri alichimba viazi vya porini: kwaru, kwaru, kwaru! Mama Ngiri alivimenya, akavianika juani vikawa makopa, akayachemsha kwa karanga. Watoto waliosha bakuli. Kila mnyama aliyekwenda kunywa maji alipita pale akala, akalipa kwa alichonacho. Huyu kuni. Huyu chumvi. Huyu asali.

Tembo alikula pale. Nyani alikula pale. Kanga na dada zake walikula pale, wakawasema wengine wakiwa bado wanatafuna. Hata Fisi alikula pale, ila yeye aliwekewa chakula chake mbali, kwenye njia, juu ya jani. Siku moja alikuwa ameletewa makopa kwenye bakuli. Akala makopa. Akala na bakuli.

Nyuma ya hoteli palikuwa na shimo. Hilo shimo mlishike, maana ndilo roho ya hadithi. Kila masika Baba Ngiri alichimba viazi vya kuuza na viazi vya kuweka. Vya kuweka vilikaushwa vikajaa shimoni hadi mdomoni, kwa ajili ya kiangazi. Kiangazi cha nchi ile hamkijui ninyi. Ardhi inakuwa ngumu kama utosi wa kifaru. Hakuna anayechimba kitu. Makopa ya shimoni yakifika mvua, familia inafika mvua. Yakiisha kabla ya mvua, basi.

Kiangazi kikaanza. Na moto ukaja.

Vuuuuu! Ukatoka kwenye nyasi, ukapanda paa, ukameza hoteli. Watoto walikuwa nje wakiosha bakuli. Mama alikuwa nje. Baba Ngiri alikuwa nje pia, salama kabisa, kisha akarudi ndani.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Chungu!"

Akakitoa chungu. Alipofika mlangoni, gogo la paa likashuka. Kwachaa! Likampiga. Mguu wa mbele ukavunjika, na ile pembe ya mdomoni anayochimbia ikakatika kama muwa.

Chungu kilipona.

Mama Ngiri akamburuta mumewe hadi kivulini, akamfunga mguu kwa magome. Halafu akaenda nyuma, akafukua majivu, akachungulia shimoni. Makopa yalikuwapo. Moto haukuyagusa. Akarudi, akakaa chini.

"Baba, sikiliza. Makopa yapo. Tukila bakuli mojamoja, asubuhi tu, yatatufikisha kwenye mvua. Mvua ikinyesha, ardhi italainika, mimi na watoto tutachimba. Hoteli tutaijenga baadaye."

"Na wageni?"

"Wageni watasubiri."

Baba Ngiri akakitazama chungu chake. "Mke wangu," akasema, "tangu nifungue hoteli hii, hakuna aliyetoka kwangu na njaa."

"Najua."

"Hata mmoja."

"Najua, baba. Lala."

Wangeachwa hivyohivyo, hadithi yangu ingekuwa fupi, na mimi ningekwenda zangu kulala. Lakini walikuwa na majirani wema.

Sikilizeni niwaambie mapema: katika hadithi hii hakuna mwovu. Ningependa kuwapa mmoja mumzomee, sina. Nimemtafuta, sikumwona.

Nyani alipanda juu ya mwamba pale mtoni, akapiga kifua. Pu! Pu! Pu!

"Ndugu zangu! Ngiri ametulisha! Nani hapa hajala kwa Ngiri?"

Kimya. Wote walikuwa wamekula.

"Sasa hoteli yake ni majivu! Mguu wake umevunjika! Sisi tutanywa maji twende zetu tu, kama si wanyama?"

"Hapana!" wakasema.

Tembo akalia. Tembo akilia, msidhani ni mchezo, chini yake panakuwa tope. Kanga wakalia, "Maskini! Maskini! Maskini!" Wakakubaliana: kesho ujima. Kila mwenye mgongo alete mgongo wake.

Lakini ujima wa nchi ile ulikuwa na desturi yake. Mwenye nyumba hupika, wajenzi hula. Na mjenzi habebi chakula kutoka kwake. Ukienda na chakula chako kwenye ujima, umesema nini? Umesema nyumba ile haina kitu. Ni tusi. Pundamilia na Nyumbu waliwahi kununiana tangu babu hadi mjukuu, kwa sababu ya kiazi kimoja tu, kiazi cha kuficha kwapani. Sasa kama kubeba chakula kwenda nyumba ya mtu ni tusi, kukibeba kwenda kwa mwenye hoteli ni nini? Ni kumtemea mate usoni.

Kwa hiyo asubuhi wakaja mikono mitupu, kwa heshima. Wakaja wakiimba:

Jenga, jenga, jenga kwa jirani!
Chungu ki jikoni, moyo u kazini!

Mama Ngiri akatoka, akawaona. Wengi! Vumbi lao lilificha jua. Moyo wake ukafurahi, na tumbo lake likaogopa.

"Hodi hapa!"

"Karibuni. Karibuni sana."

"Pole, dada. Pole sana. Usiseme neno, tumekuja."

Akaenda shimoni. Siku hiyo aliinama tu, mkono ukafika. Akatoa makopa, akabandika chungu kile kilichopona. Kanga na dada zake wakamfuata jikoni.

"Tumekuja kukusaidia kupika, dada. Wewe umechoka."

"Ahsanteni."

"Ngoja nionje chumvi." Do! "Mh, bado kidogo."

"Hebu na mimi." Do! "Mi naona iko sawa."

"Wewe ulimi wako una kutu, niache mimi." Do! Do! Do!

Chumvi ikaonjwa mpaka chungu kikafika nusu. Wajenzi wakaja wakakaa. Nyani akala. Pundamilia akala. Tembo akaletewa bakuli, akalitazama, akamwambia Nyani pembeni, "Bwana, mimi ningependa nile kidogo."

"Ule kidogo? Mama wa watu atasema hukupenda mapishi yake."

"Kweli?"

"Ataona aibu. Kula, Tembo. Kula kwa heshima."

Tembo akala kwa heshima. Heshima ya Tembo mnaijua ilivyo na mdomo mpana.

Jioni watoto wa Ngiri wakapata ukoko. Wakaukwangua, wakalamba mwiko. Kijino akazunguka kwa wajenzi.

"Umeliona jino langu?"

"Jino zuri! Litakuwa pembe kama ya baba yako!"

Akalala akicheka. Siku hiyo alikuwa bado anacheka.

Kazi ilikwenda mbio. Nguzo zikasimama, paa likapanda. Kibanda kama kile cha zamani, cha kutosha magogo na mafiga, kikawa tayari. Mama Ngiri akapumua. Akaenda kwa Nyani.

"Shemeji, ahsanteni. Nyumba imetosha."

Nyani akakitazama kibanda, akacheka. "Hiki? Shemeji, tukuache na hiki? Watapita wageni wa nchi nyingine waulize, hawa ndio waliosaidiwa na Nyani? Aibu!"

"Kinatutosha, shemeji."

"Unasema hivyo kwa sababu u mpole. Tutaweka baraza. Tutaweka chumba cha Twiga, asikunje shingo. Wewe kazi yako moja tu."

"Ipi?"

"Kupika."

Mama Ngiri akafungua mdomo. Neno likafika kwenye meno. Akamwona mumewe amelala pale kivulini, ameinua kichwa, anasikiliza, macho yanamwambia: usiniaibishe. Akalimeza lile neno. Akaenda shimoni. Siku hiyo mkono haukufika. Akapiga magoti.

Jenga, jenga, jenga kwa jirani!
Chungu ki jikoni, moyo u kazini!

Sasa mtaniuliza, na Fisi je? Fisi hakuja. Wanyama wakaliona hilo, wakaumia. Nyani akatumwa ng'ambo ya mto.

"Fisi! Wenzako wote wapo kwa Ngiri. Wewe uko wapi?"

"Niko hapa."

"Naona uko hapo! Kwa nini huji?"

"Nyani, unanijua mimi?"

"Nakujua."

"Kuna chungu huko?"

"Kipo. Kinanukia mpaka huku, pua umeiazimisha?"

"Basi mimi sikanyagi. Nikikaa karibu na chungu nitakula makopa. Nitakula mwiko. Nitakula na mpishi. Najijua. Nitawakatia miti, nitaitupa ng'ambo, mje kuichukua. Lakini msinikaribishe. Tafadhali, msinikaribishe!"

Nyani akarudi akihema kwa hasira. "Mmesikia? Fisi anaona chakula cha Ngiri hakimfai!"

"Kiburi!" wakasema Kanga. "Mchoyo! Mroho! Mroho halafu anakataa kula, roho gani hiyo?"

Kila asubuhi miti ilianguka ng'ambo: pwaa! pwaa! Na sauti nyuma yake: "Shikeni! Msinikaribishe!" Wakaichukua miti, wakamtukana, wakajenga baraza.

Baraza likaisha, wakaanza chumba cha Twiga. Chumba cha Twiga kikapanda, kikapanda, maana Twiga mwenyewe alisimama pale akisema, "Bado kidogo." Na shimoni Mama Ngiri sasa aliingia kichwa na mabega. Ukipita nyuma ya hoteli unaona mgongo tu na mkia. Watoto wake mbavu zilianza kuhesabika. Wakubwa watatu walikula magome kwa siri. Kijino meno hayakuweza magome. Lile moja lingefanya nini?

"Mama," akasema, "wageni wataondoka lini?"

"Si wageni, mwanangu. Ni wasaidizi."

Kijino akafikiri. "Wasaidizi wataondoka lini?"

Mama akambeba. Akamlaza karibu na jiko apate joto. Kanga mmoja akamwona, akasema, "Dada, huyu mtoto wako haonekani vizuri. Hebu mpe chakula." Kisha akaonja chumvi.

Kijino akaacha kuzunguka. Akaacha kumwonyesha mtu jino. Tembo alipita, akainama, akasema, "Haya, liko wapi lile jino?" Mtoto akafunua mdomo kidogo tu, akaufunga.

Na siku walipofunga kilemba cha paa, kile cha juu kabisa, wakipiga vigelegele, Mama Ngiri akamgusa mtoto wake pale jikoni, akamkuta baridi karibu na moto.

Nyamazeni kidogo.

Haya.

Wanyama waliposikia, kazi ikasimama. Hapakuwa na aliyejifanya, nasema tena. Nyani alijitupa chini. Tembo alichimba kaburi peke yake, akamzika mtoto taratibu, akapangusa udongo kwa mkonga. Halafu wakafanya nini? Wakafanya kama wanavyofanya watu wenye adabu. Hawakumwacha mfiwa peke yake. Wakakaa matanga.

Na aliyekuja matangani, mnajua, haondoki hajala.

Mama Ngiri akainuka mahali alipokuwa amekaa na kilio chake. Mumewe akamshika.

"Mke wangu."

"Nini?"

"Kimebaki?"

"Kidogo."

"Wape," akasema Baba Ngiri, na machozi yanamdondoka kwenye pembe nzima na kwenye kisiki cha ile iliyokatika. "Wamekuja kumlilia mtoto wetu. Wape."

Akaingia shimoni mzima. Safari hii hata mkia haukuonekana. Waliokaa juu wakasikia chini ya ardhi: kwaru... kwaru... kwaru...

"Kuna kitu kinakwaruza," akasema Kanga.

"Panya hao," akasema Pundamilia. "Makopa yanakuja, nyamazeni, mfiwa asikie pole zetu."

Ng'ambo ya mto Fisi alisikia habari. Akapanda kilimani, akalia: "Uuuu-wi! Uuuu-wi!"

"Mnamsikia?" akasema Nyani. "Watu wana msiba, yeye anacheka."

Wakala. Wakafuta midomo. Wakampa mfiwa pole. Jua lilikuwa utosini, na ndani ya hoteli mpya mlikuwa na kivuli kizuri, hewa inapita kwenye chumba cha Twiga. Wakajinyoosha. Mmoja akakoroma. Wote wakakoroma.

Mama Ngiri akakiosha chungu. Akakifunika. Akawaita watoto watatu waliobaki, akawapanga mstari. Akamwendea mumewe.

"Inuka. Twende."

"Wapi?"

"Popote ambako hakuna anayetujua."

"Tuwaache wageni peke yao ndani ya nyumba yetu?"

"Nyumba ni yao, baba. Wameijenga. Wameila."

Baba Ngiri akainuka. Akawa anatembea kwa magoti ya mbele, maana mguu haukuweza. Wakatoka. Mbele mama, nyuma watoto, mwisho kabisa baba. Wakavuka mto. Ng'ambo moto haukufika, nyasi zilikuwa ndefu kuliko watoto.

"Mama, hatukuoni!"

Mama akasimamisha mkia juu, wima, na ule ushungi wa manyoya nchani. "Fuateni huu. Mkiuona huu, mnaniona mimi."

Wakafuata mkia. Mara mama akasimama. Njiani, mbele yao, Fisi. Amekaa. Mate yanamtoka.

"Mama Ngiri."

"Shemeji Fisi. Ahsante kwa miti."

"Usinishukuru! Upepo unatoka kwenu unakuja kwangu. Tangu kiangazi kianze sijala kitu. Nimekata miti na njaa yangu. Piteni, mama, piteni upesi, kabla sijabadilika!"

"Watoto, kimbieni! Mkia juu! Mkia juu!"

Pu-pu-pu-pu-pu! Mama, mtoto, mtoto, mtoto, mikia minne imesimama kama bendera, wakapita. Fisi akafumba macho, akauma mchanga. Wakapita wote.

Akabaki Baba Ngiri. Kwa magoti. Kru... kru... kru...

"Ngiri! Nakuomba! Kimbia!"

"Siwezi, shemeji. Mguu."

"Basi rudi nyuma!"

"Nyuma nirudi wapi?"

Fisi akaanza kutetemeka mwili mzima. Baba Ngiri akatazama mbele, kule kwenye nyasi, mikia inakwenda, inakwenda, ikawa midogo. Akamtazama Fisi. Huyu akiwafuata mama na watoto na njaa hiyo, akafikiri, atawafikia. Akakaa chini katikati ya njia, kama mwenye hoteli anayempokea mgeni wa mwisho.

"Fisi," akasema, "hakuna aliyetoka kwangu na njaa."

Kilichofuata sikisemi, hapa kuna watoto. Nasema tu kwamba Fisi alilia huku akifanya alichofanya, na tangu siku ile kilio cha fisi na kicheko chake hakuna anayevitofautisha. Hata mimi, na masikio yangu haya.

Huku nyuma wanyama wakaamka. Wakajinyoosha. Wakaitazama hoteli. Mnyama wa nchi ile hakuwa amewahi kuona nyumba kama ile! Baraza, chumba cha Twiga, paa mpaka mawinguni. Wakakaa kwenye magogo, wakangoja chakula.

Wakangoja.

"Mama Ngiri!" akaita Nyani. Kimya.

Tembo akafunua chungu. Kimeoshwa. Akaenda nyuma, akachungulia shimoni. Akaona udongo, na juu ya udongo alama za kwato, zimekwaruza, zimekwaruza mpaka kwenye mwamba. Akakaa chini, dunia ikatikisika.

"Njooni mwone."

Wakaja, wakaona. Kisha Pundamilia akasema, "Mimi nilikula bakuli moja tu."

"Hata mimi," akasema Nyani. "Moja tu kwa siku, na mara nyingine halikujaa."

"Sisi hatukula kabisa," wakasema Kanga. "Sisi tulionja chumvi."

Tembo alitaka kusema. Akatazama tumbo lake, akalifunika kwa mkonga.

Wakafuata nyayo mpaka ng'ambo. Wakafika pale njiani, wakaona damu, wakaona pembe moja nzima na kisiki cha nyingine. Fisi alikuwa bado pale, kichwa chini.

"Muuaji!" wakapiga kelele. "Muuaji! Mroho!"

"Ndiyo," akasema Fisi. "Nilikula mmoja. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba nitakula."

Na hapo, enyi watu, ndipo hadithi ilipo. Fisi alikula mmoja, akakiri. Wale wengine walikula nyumba nzima, na kila mmoja alikula kidogo tu.

Mnadhani waliona aibu wakarudi makwao? Waliona aibu, ndiyo. Lakini mnyama mwema akiona aibu, anafanya nini? Nyani akapanda juu ya kichuguu, akapiga kifua. Pu! Pu! Pu!

"Ndugu zangu! Mjane yuko porini! Ana yatima watatu! Hana nyumba, hana makopa! Tumwache?"

"Hapana!"

Wakaenda wote, mikono mitupu, kwa heshima, wakiimba:

Jenga, jenga, jenga kwa jirani!

Mama Ngiri alikuwa mbali, amepiga magoti, anakwangua nyasi kavu na watoto wake. Akainua kichwa. Akasikia ule wimbo. Hakungoja kuuliza mnakuja kwa wema au kwa ubaya.

"Mkia juu!"

Pu-pu-pu-pu-pu!

Mpaka leo. Nenda porini umwone ngiri. Umemjia na mkuki, umemjia na ndoo ya pumba, kwake ni mamoja. Mkia juu, watoto mstari, huyoo! Wala hajengi. Analala kwenye shimo la muhanga, maana muhanga akichimba shimo huliacha akaenda zake, hamkaribishi mtu wala hakaribishwi. Na akiingia shimoni haingii kwa kichwa kama wanyama wengine. Anaingia kinyumenyume. Matako ndani, uso nje. Watu wa shule watawaambia ni kwa ajili ya simba. Simba yuko, sikatai. Lakini mimi nawaambia anachungulia nani anakuja kumsaidia.

Mafunzo yake nayasema waziwazi, asiwepo wa kusema sikumwelewa: ukienda kumsaidia mwenye njaa, kula kwako kwanza. Na kama hujui tumbo lako lina ukubwa gani, kaa ng'ambo ya mto, utupe miti.

Hadithi yangu imefika mlangoni mwa shimo lile, na humo ndani sikukaribishwa.